Somo: Kinywaji cha mtindi na mtungi wa maji, namna wanavyokabili joto Gujarat

Ndugu wanachama, habari za joto. Nilisoma miaka mitatu Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat, India. Mji ule mwezi wa Mei hupita nyuzijoto 40 mchana, na Mei 2010 ulivuka 46. Watu wengi walifariki siku zile, na mwaka 2013 jiji likaanzisha mpango wake wa kukabili joto kali, wa kwanza Asia ya Kusini. Haya ninayowaandikia nilifundishwa na mama mwenye nyumba yangu, ambaye sote tulimwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama kwa heshima. Mei yangu ya kwanza nilirudi kutoka sokoni kichwa kinazunguka, nikataka maji ya barafu. Ba akaninyima. Alinikalisha kivulini, akanipa chaas, yaani mtindi uliopekechwa kwa maji, akaniambia ninywe taratibu.

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, moto wa tumbo (wanauita agni) hupungua nguvu wakati wa joto. Kwa hiyo mwili hupozwa kwa vitu vyepesi na vya majimaji, navyo hunywewa kabla kiu haijakubana.

Hatua ya kwanza: chaas

Chukua kikombe 1 cha mtindi (maziwa lala kwa ndugu wa Kenya) na vikombe 3 vya maji safi. Mtindi uwe mpya, ule uliolala siku moja tu. Hapa msinipuuze: Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha tiba hii, kinataka vyakula vikali, vya chumvi na vya pilipili vipunguzwe msimu wa joto, na mtindi wa siku tatu ni mkali.

Pekecha kwa upekecho mpaka povu lipande. Siagi ikijikusanya juu, iengue. Kaanga bizari nyembamba bila mafuta hadi inukie, itwange, kisha tia nusu kijiko cha chai. Ongeza chumvi kidogo, ile inayokaa kati ya vidole viwili, na majani machache ya giligilani au nanaa. Kwa Ba hatukumaliza chakula cha mchana bila bilauri ya chaas.

Hatua ya pili: mtungi

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ujazwe jioni na kuwekwa penye upepo, umefunikwa kwa kawa. Maji hupenya udongo na kutoka nje kama jasho. Jasho hilo likikauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Uoshe kila siku mbili tatu, na uwe na kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji. Gujarat utaikuta mitungi hii hata barabarani, mahali panapoitwa parab, mpita njia akinywa bure. Nimeona mambo mengi India, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka kwa mapenzi zaidi.

Hatua ya tatu: mchana

Kula kidogo. Jifunike kichwa kwa kitambaa cha pamba. Pumzika saa saba hadi saa kumi ukiweza. Ayurveda huwakataza wengi kulala mchana, ila kiangazi huruhusu. Mwenye kazi ya jua kali aweza kunywa unga wa shayiri iliyokaangwa, uliokorogwa kwa maji baridi, sukari na samli kidogo. Nao umo katika Charaka.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. Niko Tanga, mtungi wangu haupozi maji kama unavyosema.*

Marahaba mwanangu. Kosa si lako. Mtungi unataka hewa kavu, na pwani hewa ina unyevu, jasho lake halikauki upesi. Dodoma ungeona tofauti. Wewe kunywa dafu lililoangushwa asubuhi.

*Mume wangu anajenga Muscat. Anywe nini?*

Dada, Oman sheria husimamisha kazi za nje juani Juni hadi Agosti, saa 6:30 hadi 9:30 mchana. Muda huo asikubali kuukosa. Akitoka jasho jingi sana, achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Hiyo si Ayurveda, ni kipimo kile tunachowapa wenye kuharisha, nami nakiamini.

*Mtoto wa miezi minne nimpe chaas kidogo?*

Hapana mama. Wala maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, chaas unywe wewe.

*Nina presha, na mzee wangu ana figo.*

Wewe acha chumvi, bizari inatosha. Mzee asinywe madafu kabla ya kumuuliza daktari wake, maana yana potasiamu nyingi.

*Mtu akianguka kwa joto, tumpe chaas?*

Akiwa na akili zake, mtoeni juani na mumpe anywe kidogo kidogo. Akianza kuweweseka, kupoteza fahamu au mwili kuwaka moto, msimnyweshe chochote, atapaliwa. Mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee kwa nguvu, na gari la hospitali liitwe wakati huo huo mkiendelea kummwagia.