Kula Trinidad kwa jicho la muuza chapati wa Wandegeya

Nauza rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, hapa Wandegeya, Kampala, huu ni mwaka wa kumi na moja. Dada yangu ameolewa Trinidad, kisiwa cha Karibi, na mwaka juzi shemeji alinikatia tiketi nikakaa nao wiki tatu. Tangu nirudi, kila mteja anayesubiri mayai yaive ananiuliza watu wa huko wanakula nini, na wawili kati yao wanajiandaa kusafiri. Nimechoka kusimulia huku chapati inaungua, kwa hiyo someni hapa.

Kwanza, usimuulize mtu "wapi kuna chakula kizuri?" Niliuliza hivyo siku ya pili, nikaelekezwa kwenye mgahawa wenye picha za vyakula ukutani, nikaletewa wali na kuku ambao ningeupata hata Entebbe. Simlaumu aliyenielekeza. Hata mimi mgeni akiniuliza hivyo namtuma hotelini, simtumi kwa mama wa katogo, zile ndizi zetu za asubuhi zilizopikwa pamoja na mchuzi. Uliza hivi: "Wewe leo asubuhi umekula wapi?" Muulize dereva, mlinzi, fundi mwenye saruji kwenye viatu. Na salamu itangulie. Ukiingia mahali bila "good morning" unaonekana huna adabu, kama kwetu tu. Usiku salamu yao ni "good night". Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilidhani nafukuzwa, nikageuka kuondoka.

Pili, angalia saa. Chakula cha Trinidad kina saa yake, na ukikosa saa umekosa chakula. Asubuhi ni ya doubles. Ukitaka kuielewa doubles, fikiria kikomando: sisi tunakatakata chapati tunachanganya na maharage, wao wanachukua vimkate viwili laini vya kukaanga, vya manjano kwa sababu ya bizari, vinaitwa bara, katikati wanatia dengu kubwa za mchuzi. Juu yake inakuja tango, ukwaju, na chatini ya jani linaloitwa shado beni, ambalo harufu yake ni ya giligilani iliyokasirika. Doubles ilianzia Princes Town, kusini mwa kisiwa, miaka ya 1930, kwa familia ya Deen. Inasemekana kwanza dengu ziliuzwa na bara moja, wateja wakawa wanaomba waongezewe ya pili, jina likabaki hapo. Mimi nilikuwa nikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku niliyochelewa hadi saa nne nilikuta jamaa anaosha sufuria.

Sasa, vibanda ni vingi, utachaguaje? Hapa naongea kama fundi. Usiangalie rangi ya mwavuli, angalia mikono. Muuzaji mzuri hatazami anachofanya: bara mbili kwenye karatasi, kijiko cha dengu, michuzi, anasokota karatasi, anakupa, na wakati wote anaongea na mtu mwingine. Angalia pia bara zimewekwaje. Zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa na mvuke unatoka, zimetoka jikoni sasa hivi. Zikiwa kavu pembeni, pita. Na angalia walio kwenye foleni: ukiona sare za shule, za polisi na za wauguzi pamoja, simama hapo hapo. Watu wanakula wamesimama, wanaagiza moja moja, na pale nilipozoea unalipa mwisho, yeye ndiye anakumbuka umekula ngapi. Mimi daftari la madeni linanishinda na wateja wangu ni ishirini!

Atakuuliza kuhusu pilipili. Neno la kujibu ni "slight", maana yake kidogo tu. Mimi kwa ushamba nilijibu "yes". Pilipili yao ni ile ya mviringo, ndugu wa kamulali, pilipili wetu mdogo mkali, lakini mwenye roho mbaya. Nililia mbele ya watoto wa shule.

Mchana tafuta roti. Wahindi walifika kule kwa meli Fatel Razack tarehe 30 Mei 1845, kulima miwa, na tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa hadi leo. Wa kwetu walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa walianza mwaka 1896. Kwa hiyo chapati yao imetangulia yetu kwa miaka hamsini, na nakiri inaonekana. Kuna dhalpuri, ambayo ndani imejazwa dengu zilizosagwa mpaka zimekuwa kama vumbi. Kuna nyingine inapigwapigwa juu ya chuma cha moto mpaka inachanikachanika, wanaiita buss up shut, yaani shati lililochanika. Nilijaribu kuipiga hivyo hapa Wandegeya. Wateja walidhani nimelewa.

Wakikwambia pelau, ndiyo, ni pilau, ila hawaanzi na vitunguu. Wanaunguza sukari kwenye mafuta mpaka iwe nyeusi, wanatupia kuku, kisha mchele na mbaazi. Kwa sisi Waislamu kuna tahadhari: mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi unapenda kujificha, hasa kwenye callaloo, ule mchuzi mzito wa majani ya magimbi, bamia na nazi. Kwa macho huuoni. Uliza kabla hujachovya. Vibao vya halali viko vingi, hasa kwenye maduka ya roti, hutateseka.

Usafiri: maxi taxi ni kama taksi zetu hizi za Old Park, yaani mabasi madogo ya abiria, zinatofautishwa kwa mstari wa rangi. Njano ni Port of Spain na magharibi, nyekundu mashariki, kijani kusini. Panda ya kijani hadi San Fernando, kisha uulize gari la Debe. Debe ni barabara yenye vibanda vya vitafunwa vya Kihindi vimepangana, nenda na njaa. Bei zisikutishe ukisikia dola; dola moja ya Marekani ni kama dola 6.7 za kwao.

Ufuo wa Maracas kila mtu atakupeleka, kula bake and shark. Bake haijaokwa, ni andazi la kukaanga lililopasuliwa likatiwa papa. Tamu, lakini nusu ya foleni ni watalii. Ukivuka kwenda Tobago, kisiwa cha pili cha nchi hiyo, akina mama wa Store Bay wanapika kaa wa mchuzi na madonge ya unga. Usivae shati jeupe.

Siku nazo zina zamu zake. Jumamosi ni supu, nzito, yenye mihogo na magimbi. Jumapili chakula kizuri kiko majumbani: callaloo, kuku, makaroni ya kuoka. Kwa hiyo tengeneza urafiki kabla ya Jumapili, na ukialikwa usiende mikono mitupu.

Mimi sikuwa na cha kupeleka kwa mama yake shemeji. Sokoni nikaona ndizi mbichi, wao wanaziita "green fig", nikaruka kwa furaha. Nikazimenya, nikazifunga kwenye majani ya mgomba wa jirani, nikazivukiza saa mbili nzima, nikaziponda, nikaleta mezani matooke kamili. Mama akaonja. Akaonja tena. Akaniuliza chumvi nimeisahau wapi.