Mashine ya boti ikipungua nguvu ghafla: pa kuanzia kabla hujashika spana

Mashine inavuta vizuri, mara mlio unashuka, omo, yaani sehemu ya mbele, inalala majini na boti inatambaa. Wengi hapo hapo huzima, hufungua kifuniko na kuanza kuchomoa plagi. Nakuomba usifanye hivyo. Majibu mengi yamo kwenye sekunde chache ambazo mashine bado inahangaika; ikishazima, ushahidi umepotea.

Jaketi la kujiokolea liwe mwilini. Upepo au mkondo ukikusukuma kwenye miamba, tia nanga kwanza, mashine itasubiri.

Hatua ya 1: Sikiliza mlio

Mashine ikilia juu kuliko kawaida huku boti haiendi, tatizo liko chini, kwenye propela. Zima, chomoa kamba ya usalama, inua mashine utazame: nailoni, kipande cha wavu, bapa lililokatika. Kama huoni kitu, shuku mpira ulio ndani ya kitovu cha propela, maana ukichoka huteleza. Chora mstari mmoja wa rangi kuanzia kitovu cha ndani hadi cha nje, kisha endesha kwa mzigo kidogo. Mstari ukiachana, mpira umekwisha. Rudi polepole, kwa mwendo mdogo mara nyingi bado unashika.

Mlio ukishuka pamoja na mwendo, endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Tazama maji ya kupoza

Ule mchirizi unaotoka nyuma ya mashine ukiwa mwembamba au umekatika, zima mara moja. Angalia kama nailoni imeziba matundu ya kunyonyea maji chini, na zibua tundu la mchirizi kwa waya laini. Kama bado hautoki, shuku impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji; huenda linahitaji kubadilishwa. Mashine nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zenyewe na kupiga kengele zikipata joto au oili ikipungua. Hapo usilazimishe kasi, pima oili.

Hatua ya 3: Binya kibofu cha mafuta

Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi kuliko kwingine kote. Mashine ikiwa bado inakufakufa, mwombe mwenzako abinye kile kibofu cha mpira kilicho kati ya tangi na mashine. Ikifufuka, tatizo ni mafuta kutofika: ngozi ya pampu ya mafuta imechoka, mpira wa mafuta unavuta hewa kwenye viungio, au tangi halipumui.

Kibofu kulegea kidogo mashine ikiwa kazini ni kawaida. Kikibonyea bapa, kuna kizuizi upande wa tangini. Legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia "fyuu", skrubu ya kupumulia ilikuwa imefungwa au imeziba. Dalili yake naijua vizuri: boti inakwenda dakika kadhaa, inakufa, ikipumzika inawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote.

Kibofu kikiwa kigumu na mashine bado dhaifu, kizuizi kiko mbele yake: chujio, kabureta au nozeli.

Niliwahi kufungua kabureta mara tatu kwenye mashine moja, kila mara safi. Mwishowe niliupasua mpira wa mafuta kwa kisu. Nje ulikuwa mzuri kabisa. Ndani, ngozi yake ilikuwa imebanduka na kuning'inia kama ulimi. Mwendo mdogo, mafuta yalipita. Ukivuta sana, ulimi ule uliziba njia. Tangu siku ile, kabla sijafungua kabureta, naazima tangi jingine na mpira wake, nafunga, najaribu. Kazi ya dakika tano.

Hatua ya 4: Kagua petroli

Chota kutoka chini ya tangi au kwenye chujio, utie kwenye chupa angavu, mbali na moto. Iache itulie. Maji hukaa chini na mpaka wake huonekana wazi. Yakiwepo, mwaga yote na ubadilishe chujio.

Hatua ya 5: Sasa plagi

Mashine ikiwa imezimwa na imepoa, zitoe na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya kahawia ni nzuri. Iliyolowa petroli inaonyesha silinda isiyochoma. Ihamishie silinda ya jirani: ubovu ukihama nayo, ni plagi, ukibaki palepale, tazama waya na koili inayotoa umeme wa cheche. Ukikuta matone ya maji, au silinda moja ina mgandamizo wa chini sana kuliko wenzake, peleka kwa fundi mwenye vifaa.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mzigo

Kunguruma vizuri ukiwa umefunga gatini hakuthibitishi kitu. Pakia uzito wa kawaida, endesha kwa kasi yote. Kama ilikuwa ikifa baada ya dakika nane, iendeshe ishirini kabla hujasema imepona.