Silinda ngapi, cc ngapi? Angalia hivi kabla hujachagua injini

Watu wengi wakisikia gari ni silinda sita wanaamua palepale kwamba ni kali kuliko ya nne, jamani si lazima. Anza na cc (sentimita za ujazo). Hiyo ndo nafasi ambayo pistoni zote zinaifagia zikitoka chini kwenda juu, na nafasi ikiwa kubwa hewa na mafuta vinaingia vingi, vikiwaka mvuto unakua. Hesabu unapiga mwenyewe: injini ya 1NZ-FE ya Toyota, tundu la silinda lina upana wa milimita 75 na pistoni inatembea milimita 84.7, inakuja kama cc 374 kwa silinda moja, mara nne unapata 1497, ndo hiyo tunaiita 1500.

Sasa gawanya cc kwa silinda. 1500 ya silinda tatu kila moja ina 500, ya nne ina 375, ila jumla ni ileile kwa hiyo mvuto haupishani sana, kinachopishana zaidi ni utulivu. Injini ya stroku nne kila silinda inawaka mara moja krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili, so ya tatu inapiga kila nyuzi 240, ya nne kila 180, ya sita kila 120. Ndo maana gari ya silinda tatu ikiwa imesimama inaunguruma unaweza kusikia mtetemo mpaka kwenye usukani, wakati sita za mstari mmoja kama 2JZ ya Toyota zimetulia kabisa kwa sababu pistoni zake zinasawazishana zenyewe.

Halafu pistoni ndogo nyepesi zinavumilia resi kubwa, yaani mizunguko mingi kwa dakika, na hosipawa (nguvu ya injini) inatokana na toki (ule mvuto wa kuzungusha) mara mizunguko, kwa hiyo cc zilezile zikigawanywa kwenye silinda nyingi zinaweza kutoa nguvu zaidi ukikanyaga sana. Gharama yake ni vyuma vingi vinavyosuguana na plagi nyingi za kubadilisha.

Kama unabeba mizigo au unapanda milima, usiishie kwenye hosipawa, tafuta toki ya juu inapatikana kwenye mizunguko mingapi, ikija mapema, tuseme 2000, gari inavuta bila kulia. Turbo nzuri inafanya hivyo hata kwa cc 1000, maana inasukuma hewa ya ziada ndani. Na linganisha na uzito wa gari, injini ileile ukiiweka kwenye bodi nzito itachelewa kuchanganya.