Ukitaka kujua ukoo wa Mchina umetokea wapi, anza na herufi (mfano wa Chen)

Mi ni dalali wa mabondo hapa Mwanza. Kwa wasiojua, bondo ni lile puto la hewa lililo ndani ya sangara, kilo yake inauzwa bei kuliko mnofu na linaishia China na Hong Kong kwenye supu. Sasa kwenye daftari langu nilikuwa na wateja watatu, Bwana Chen, Bwana Chan na Bwana Tan, na mi nikajua ni koo tatu. Siku moja wakakutana kwenye mzani, mmoja akachukua peni akajichora alama moja kiganjani, wenzake wakatingisha vichwa wakacheka. Kumbe jina ni hilo hilo moja!

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, usiamini yale maandishi ya Kizungu yaliyoko kwenye paspoti au bizinesi kadi. Mwombe akuandikie jina kwa Kichina, hata kwa WeChat (app ya kuchati ya Wachina) inatosha. Jina lile ni 陳, au 陈 kwa maandishi yaliyorahisishwa ya China bara. Mtu wa Beijing atalitamka Chen, wa Hong Kong Chan, mwenye asili ya mkoa wa Fujian aliyekulia Singapore atakwambia Tan, na Vietnam limekuwa Tran, wale wafalme wa Tran walitawala huko kuanzia 1225 hadi 1400. Wenyewe wakijitambulisha kwa mdomo huwa wanasema "Chen ya sikio na mashariki", maana kipande cha kushoto wanakiita sikio na cha kulia ni mashariki.

Na kinyume chake kipo pia, tena hiki ndo kinachopoteza watu. Wong wawili wa Hong Kong wanaweza wasiwe na udugu wowote wa jina, mmoja ni 王 (Wang) mwingine ni 黃 (Huang). Hata Ng, kwa mtu wa Hong Kong mara nyingi ni Wu, kwa mtu wa Fujian ni Huang. Hilo Ng Wazungu linawatoa jasho ila sisi huku Usukumani ni ng' ya ng'ombe tu tunaitamka vizuri kabisa.

Halafu ujue ukoo unaandikwa mwanzo. Yao Ming yule wa basketiboli, Yao ndo ukoo. Mi kuna bosi mmoja nimemwita "Mista" na jina lake la kuzaliwa karibu mwaka mzima na yeye kanyamaza tu kwa adabu.

Ukishapata herufi, muulize kwao asili ni wapi, yaani alikotoka babu na sio anakoishi yeye. Wachina swali hili wanalielewa haraka kwa sababu jina la ukoo kwao halibadiliki, linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na mke akiolewa anabaki na lake. Sio kama huku kwetu, jina la tatu ni la babu, wajukuu zako wakija lishapotea, unabaki na Mabula kwa sababu kuna mtu alizaliwa wakati wa mvua. Wanafanana zaidi na Wahaya na miziro yao (miiko ya ukoo), maana zamani Wachina wenye jina moja walikuwa hawaoani hata kama hawajuani.

Hapo sasa ndo unaingia kwenye historia. Chen lilikuwa jina la nchi. Mfalme Wu wa ukoo wa kifalme wa Zhou alipouangusha utawala wa Shang, kama mwaka 1046 kabla ya Kristo hivi, alimpa eneo hilo mtu aitwaye Gui Man aliyehesabiwa kuwa wa uzao wa Shun, mfalme wa kwenye masimulizi ya kale. Makao yalikuwa Huaiyang, mkoa wa Henan wa leo. Baadaye nchi ikamezwa na nchi nyingine iitwayo Chu, watu wakabaki na jina la nchi kama ukoo. Ila kabla ya hapo, mwaka 672 kabla ya Kristo, mwana wa mtawala wa Chen aitwaye Chen Wan alikimbilia nchi ya Qi, uzao wake ukajulikana kama Tian na mwaka 386 kabla ya Kristo wakatambuliwa rasmi kuwa watawala wa Qi yenyewe. Mkimbizi huyo! Ndo maana ukikuta Tian na Chen wanaitana ndugu usishangae. Hiyo ya Shun ichukue kama hadithi ya ukoo, kila ukoo unapenda kuanzia kwa mfalme, hata huku kwetu.

Ushahidi wa kweli uko kwenye kitabu cha ukoo, kinaitwa jiapu au zupu. Vingi viliharibiwa kipindi cha Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, ila vilivyopona vingine vimepigwa picha na vipo bure FamilySearch (tovuti ya kutafuta mababu), unatafuta kwa herufi na sio kwa "Chen". Kingine muulize kama ukoo wao una shairi la vizazi, yaani kila kizazi kinachukua herufi moja ya shairi na kuiweka kwenye majina ya watoto, hivyo wawili wakikutana wanajua nani baba mdogo nani mtoto hata kama aliyeitwa baba mdogo ana miaka 20.

Ila usiulize wakati anapanga mabondo kwa gredi, subiri amalize kulipa. Mi yule wa Tan nilimuuliza katikati ya mzani akapiga stori mpaka giza likaingia, mzigo ukalala.