SOMO: Sauti za Yamaha DX7 kwenye laptop kwa Dexed (someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Wadau wa Mtwara na Lindi, kila msimu wa korosho ukifunguliwa na harusi zikianza kupangana, swali huwa lilelile: "Ile piano ya umeme ya zamani, yenye mlio kama kengele, naipataje bila kununua kinanda kingine?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza faragha nitamrudisha huku.

Sauti hiyo ni ya Yamaha DX7, kinanda cha mwaka 1983. Hakikurekodi piano, kinapiga hesabu. Kina opereta 6, kila moja ni wimbi la sini. Opereta inayosikika tuiite karia, na inayoitikisa karia tuiite modyuleta. Namna ya kuziunganisha zipo 32, ndizo algoriti. Njia hiyo, FM, ni ya John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeichapisha mwaka 1973. Dexed ni programu ya bure inayopiga hesabu hizohizo.

1. Pakua Dexed kwenye ukurasa wake rasmi. Ipo ya Windows, Mac na Linux.

2. Kama unatumia REAPER au studio nyingine (programu ya kurekodia), faili la VST3, yaani Dexed ya kufunguka ndani ya studio, likae C:\Program Files\Common Files\VST3, kisha skani upya. Kama huna studio, fungua Dexed inayojitegemea.

3. Chomeka kinanda kwa USB, kisha ukitie tiki kwenye orodha ya MIDI (lugha ya kinanda kuongea na kompyuta) ndani ya programu. Kinanda chenye matundu ya duara tu kinataka kebo ya USB-MIDI. Ukibonyeza na hakuna kitu, badilishana vichwa viwili vya kebo kwanza. Maandishi ya IN na OUT kwenye kebo za bei chee hayaaminiki.

4. Uchelewaji. Kwenye Windows weka ASIO4ALL (dereva ya sauti ya kupunguza uchelewaji), kisha uichague ndani ya studio yako. Bafa (sauti ambayo kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 256 kwa 44,100 Hz ni karibu milisekunde 6, vidole havioni. Sauti ikikatikakatika panda 512, ambayo ni karibu milisekunde 12. Ukifika 2048 utaona kinanda kinakuburuza.

5. Bonyeza CART, tafuta faili lako la .syx, ulipakie. Faili moja, yaani katriji, lina sauti 32.

6. Kuhifadhi. Hapa ndipo watu wanapolia, na mimi nilishalia. Ukibadilisha kitu kwenye sauti, mabadiliko yanakaa mezani tu. Ukichagua sauti nyingine kabla ya kuhifadhi, yamekwenda na hayarudi. Bonyeza STORE, toa jina (herufi 10, zaidi ya hapo hazikai), chagua namba ya nafasi kati ya 1 na 32. Sasa sikiliza vizuri: STORE ya kawaida inaiweka sauti kwenye katriji iliyo ndani ya programu, haijagusa faili lako kwenye diski. Ukipakia katriji nyingine hapo, kazi ya usiku mzima imefutika. Kwa hiyo baada ya STORE rudi CART, bonyeza SAVE, na ulipe faili jina JIPYA. Usiandike juu ya faili ulilopakua, maana nafasi uliyoichagua ilikuwa na sauti ya mtu na umeifuta. Tena usitegemee kuwa mradi wa REAPER umeihifadhi. Ndiyo, inakuwa ndani ya mradi huo, lakini siku ukiitaka kwenye mradi mwingine huna faili la kupakia. Na umeme wetu mnaujua: hifadhi kila baada ya sauti moja, usisubiri kumaliza kumi.

7. Ndani ya PARM kuna injini. "Modern" ni safi, "Mark I" inaiga ukwaruzo wa DX7 yenyewe, "OPL" ni chafu kama kadi za sauti za zamani. Kwa piano na besi mimi naweka Mark I. Kwa kwaya inayotaka ulaini, Modern.

---

Mpiga besi, Lindi: Mkuu nimeweka ila haitoi sauti. Msaada wa haraka, shughuli ni Jumamosi.

Mwandishi: Hatua ya 3. Umetia tiki?

Mpiga besi, Lindi: Tiki gani?

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika namba. Irudie hatua ya 3 taratibu.

Mdau wa Nachingwea: Yangu inachelewa sana hata nikiweka 128. Laptop mbovu?

Mwandishi: Spika yako ni ya Bluetooth?

Mdau wa Nachingwea: Ndiyo.

Mwandishi: Basi laptop haina kosa. Bluetooth peke yake mara nyingi inaongeza zaidi ya milisekunde 100. Tumia waya.

Fundi wa studio, Masasi: Kwa heshima, hii ni bandia tu. DX7 ni DX7.

Mwandishi: DX7 nayo ni kompyuta iliyovaa funguo, kaka. Tofauti iko kwenye njia ya kutolea sauti, na Mark I imetengenezwa kwa ajili hiyo. Jambo unaloweza kuwa unalisikia ni hili: funguo za DX7 hazikuwa zinafika 127, nguvu ya juu kabisa ya kubonyeza kwenye MIDI. Kinanda cha leo kikituma 127, piano inakuwa kali kuliko ilivyokusudiwa. Ndani ya PARM kuna chaguo la kusawazisha nguvu ya kubonyeza. Jaribu, kisha urudi tubishane.

Fundi wa studio, Masasi: Nimejaribu. Sirudi kubishana.

Mdau wa Mikindani: Nimepakua faili la baiti 4,104 kamili kama la DX7, lakini sauti zote ni takataka. Limeharibika?

Mwandishi: Swali zuri hili. Ukubwa hautoshi. Katriji ya TX81Z, DX21 au DX100, zenye opereta 4, nayo ni baiti 4,104. Lifungue kwa programu ya kuonyesha heksi (baiti za faili kwa namba na herufi) usome mwanzo: F0 43 00 09 20 00 ni la DX7. Ukikuta 04 mahali pa 09, ni la opereta 4, si la Dexed. Faili la baiti 163 ni sauti moja, siyo katriji.

Dada wa kwaya, Newala: Nataka kutengeneza marimba ya mbao mwenyewe, siyo kupakua. Naanzia wapi?

Mwandishi: Karibu sana dada. Bonyeza INIT upate sauti tupu ya kuanzia, weka algoriti 5. Opereta 1 iwe COARSE (mara ngapi ya noti unayobonyeza) 1, kiwango 99. Opereta 2 iwe COARSE 4, kiwango 75. Kwa zote mbili (L ni kiwango cha kila hatua ya mlio, R ni kasi ya kukifikia) L1 ni 99, na L2, L3, L4 ni 0; R1 ni 99. R2 na R4 ziwe 50 kwa opereta 1, na 65 kwa opereta 2, ili mgongano wa fimbo ufe haraka na mbao ibaki ikiimba. Ikiwa kali, shusha opereta 2. Kila hatua 8 nguvu inabaki nusu.

COARSE 4 ni marimba ya kiwandani, iliyochongwa chini ya ubao ili mlio wa pili uwe mara 4. Ubao mnyoofu usiochongwa, mlio wake wa pili ni karibu mara 2.76. Weka COARSE 2 na FINE (asilimia inayoongezwa juu ya COARSE) 38. Usikie mwenyewe.

Dada wa kwaya, Newala: Yaa! Hiyo ya 2.76 ndiyo yenyewe. Na malimba ya vyuma vya kidole gumba?

Mwandishi: Chuma kilichobanwa upande mmoja ni karibu 6.27. COARSE 6, FINE 4 au 5. Opereta 2 ishuke mpaka 65. Na Dexed inapokea mafaili ya .scl (mafaili ya tuni), kwa hiyo ukipima tuni ya malimba ya kwenu huhitaji kubaki na tuni ya piano.

Mdau wa Nachingwea: Nimeweka waya, uchelewaji umeisha. Sasa mikseni kuna muungurumo.

Fundi wa studio, Masasi: Chomoa chaja ya laptop usikilize. Ukikoma, tafuta kiboksi cha DI (cha kuunganisha ala na mikseni) chenye swichi ya kukata ethi. Usikate waya wa ethi wa chaja, tafadhali.

Mpiga besi, Lindi: Nimeona tiki. Inalia.