SOMO: Mashine ya kukalia ya dizeli imegoma? Pima kwanza, stata utanunua baadaye

Swali ni lile lile kila mara: "Mashine ya kukatia nyasi haiwaki, ninunue betri au stata?" Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyepima. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nazungumzia mashine za kukalia zenye injini ndogo za dizeli na umeme wa volti 12, mfano zile za Kubota D722 na D902 za silinda tatu. Yanmar ni hivyo hivyo, rangi za waya tu ndizo zinazobadilika. Dizeli haina plagi ya cheche, kwa hiyo upande wa injini umeme una kazi nne tu: kuzungusha stata (mota inayoamsha injini), kupasha plagi za hita (zinazopasha silinda injini ikiwa baridi), kufungua mafuta na kuchaji betri. Jua kwanza ni kazi ipi imekufa.

Uwe na multimita, taa ya kupimia ya balbu (ya LED huwaka hata kwa umeme hafifu, itakudanganya), msasa laini, spana na kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili.

1. Breki ya mkono, gia nyutro, visu vimezimwa, kabari kwenye matairi.

2. Betri. Iliyojaa husoma volti 12.6, nusu ni kama 12.2. Chini ya 12, ichaji kabla ya kuendelea. Kisha ipime mtu akiwa anapiga stata: ikishuka chini ya 9.6 imechoka, hata kama ikiwa imetulia ilisoma vizuri.

3. Fyuzi. Zitoe uzipime, usizitazame tu. Ipo na fyuzi kubwa karibu na betri au stata ambayo wengi huisahau.

4. Sikiliza. Tik-tik-tik ya haraka: betri dhaifu au kichwa cha betri kimelegea. "Tak" moja kisha kimya: umeme mkubwa haupiti, nenda hatua ya 5. Kimya kabisa: hatua ya 6. Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki: hatua ya 7.

5. Waya hasi. Hapa ndipo stata nzima nyingi hutupwa. Chomoa plagi ya solenoidi ya mafuta (sumaku ya umeme inayofungua mafuta) ili injini izunguke bila kuwaka. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini karibu na stata, nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibano cha waya kinachoishika. Mtu apige stata. Isome chini ya 0.5. Ikisoma 1 au zaidi, volti hizo zinapotelea njiani. Sasa sogeza ncha hatua kwa hatua: nguzo hadi kibano, kibano hadi waya, waya hadi fremu, fremu hadi injini. Pale namba inaporuka ndipo penye kutu, rangi au boliti iliyolegea. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza. Upande chanya pima vivyo hivyo: nguzo chanya hadi boliti nene ya stata.

Usitumie kipimo cha omu kwenye waya mnene. Waya uliobaki na nyuzi chache utakuonyesha sifuri, halafu stata ikidai ampea zaidi ya mia zinakwama. Pima wakati kazi inafanyika. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishe. Na ule mtindo wa kugusanisha boliti za stata kwa bisibisi: unaruka suichi zote za usalama. Mashine ikiwa kwenye gia, itakupanda.

6. Suichi za usalama: kiti, pedali au nyutro, na visu. Weka taa ya kupimia kwenye ule waya mwembamba wa stata, funguo kwenye START. Haiwaki? Rudi nyuma suichi moja moja hadi uipate inayokata. Mara nyingi suichi ni nzima, ila plagi yake imejaa maji au nyasi, au kile kibati kinachoibonyeza kimepinda.

7. Solenoidi ya mafuta. Kwenye nyingi ya mashine hizi, lazima ipate umeme ndipo mafuta yafunguke. Washa funguo, usikie "tak". Ndani huwa na koili mbili: ya kuvuta, inayokula ampea nyingi kwa muda mfupi sana, na ya kushikilia, inayokula kama ampea 1. Pima kila moja: ya kuvuta husoma chini ya omu 1, ya kushikilia omu 10 na kuendelea. Ikiungua, usikimbilie kufunga mpya. Mkono wa mafuta ukiwa mgumu, au betri dhaifu, pini haifiki mwisho na koili ya kuvuta inaendelea kula umeme mpaka inaungua. Mpya nayo itaungua hivyo hivyo. Sogeza mkono kwa kidole, ulainishe, hakikisha pini inaingia hadi mwisho. Zenye waya tatu zina rilei (suichi inayoendeshwa na umeme) ya muda inayokata koili ya kuvuta baada ya kama sekunde moja. Rilei ikiganda, matokeo ni yale yale. Kamwe usiipe koili ya kuvuta waya wa moja kwa moja.

8. Plagi za hita. Ondoa kibati kinachoziunganisha, pima kila moja na bodi ya injini: karibu omu 1. Isiyosoma kitu imekatika. Dar unaweza usigundue, lakini Njombe au Limuru asubuhi utaona moshi mweupe na injini inayokohoa.

9. Chaji. Injini ikiwaka, mafuta ya kati, kwenye betri 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kitu, na mashine ina dainamo yenye waya mbili za rangi moja, zichomoe na upime AC: mzunguko wa juu itoe kama 20 au zaidi. Ikitoa, mshukiwa ni regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri), lakini kwanza safisha inapogusa fremu.

MASWALI

Mlinda Uwanja: Yangu haiwaki, msaada wa haraka wakuu.
— Hatua ya 4. Inalia vipi?
Mlinda Uwanja: Sijasikiliza.
— Kasikilize.

Kokoto: Fundi wangu kaunganisha suichi ya kiti moja kwa moja, mwezi wa tatu sasa haijasumbua. Mnatutisha bure.
— Haijasumbua kwa sababu hakuna aliyeanguka. Kuunganisha ni kwa kupima tu, visu vikiwa vimezimwa, kisha unaondoa. Suichi mpya ni rahisi kuliko mguu.

Binti Rewaya: Samahani mwalimu, nimeweka waya kwenye plagi ya suichi ya kiti ili kupima, injini ikazima papo hapo. Nilitegemea kinyume.
— Umeona jambo zuri. Suichi za kiti ziko aina mbili. Nyingine hujifunga ukikaa, nyingine hujifunga ukiinuka, na hiyo ndiyo huzima injini. Kwa aina hiyo ya pili, kuunganisha ni kuiambia mashine hakuna mtu; kumwiga aliyekaa, acha plagi wazi. Chomoa suichi, ipime ikiwa imebonyezwa na ikiwa imeachiwa, utajua ni ipi. Ikiwa na pini nne, ina zote mbili ndani.

Mzee wa Bustani: Betri 12.7, stata mpya, waya hasi nimepima 0.2. Ikipoa inawaka, ikipata moto ni kimya, mara moja moja inakubali.
— Shikamoo mzee, umepima vizuri. Sasa pima ule waya mwembamba wa stata wakati wa START. Ukisoma 8 au 9, umeme unachoka kwenye msururu wa suichi. Funga rilei ya ampea 30 au 40: pini namba 86 uipe ule waya mwembamba wa zamani, 85 kwenye fremu, 30 kutoka boliti nene ya stata kupitia fyuzi ya 30, 87 kwenye stata, pale ulipotoka ule waya mwembamba. Suichi zote za usalama zinabaki kazini, ila sasa zinabeba umeme mdogo wa rilei tu.
Mzee wa Bustani: Marahaba. Imesoma 8.3. Naenda dukani.

Pwani Kijani: Huku Tanga vichwa vya betri vinaota unga kila baada ya muda.
— Osha kwa maji yenye magadi soda, kausha, kaza, ndipo upake Vaselini. Ukipaka kabla ya kukaza umejitengenezea tatizo. Na hiyo mashine ya maji ya presha, isielekezwe chini ya kiti wala kwenye dashibodi.

Kokoto: Na kuchomelea sahani ya visu bila kuishusha, kuna shida?
— Toa waya zote mbili za betri, chomoa regyuleta, na ethi ya kuchomelea (kibano cha waya wa kurudisha umeme) ibane kwenye sahani yenyewe, sentimita chache kutoka unapochomelea. Ondoa pia nyasi kavu zilizojibana juu ya sahani, na uwe na ndoo ya maji karibu.