Kampuni ya Madini Imefilisika na Unaidai? Fungua Kesi Moja, na Uifungue Vizuri

Hii ni ya watu wa Kwale, Taita Taveta, Migori, Kakamega na kwingine huku Kenya ambako kampuni ilikuja na leseni, ikakodi shamba lako au ikachukua mali kwako kwa mkopo, ikachimba mpaka ikachoka, halafu siku moja unasikia eti iko mikononi mwa mfilisi, yaani mtu anayekusanya mali ya kampuni iliyofilisika na kuwagawia wadai. Kitu cha kwanza watu wanafanya ni kukimbilia kila mlango. Kodi ya shamba wanadai korti hii, mashimo na maji machafu wanadai korti ile, suala la leseni linapelekwa kwa Waziri wa Madini, na binamu naye ashafungua yake Mombasa kwa jina la jamii. Wanaona ukitupa nyavu nyingi hutakosa hata samaki mmoja. Kinachotokea ni kwamba wakili wa upande ule mwingine anazikusanya zote, anaziweka mbele ya jaji na kuomba zitupwe, na wewe ambaye kweli uliumizwa unatoka na bili ya gharama badala ya fidia. Inauma sana kuona mtu mwenye haki yake akipoteza hivi, ndio maana naandika.

Sheria zenyewe uzijue kwanza, si nyingi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kifungu cha 6 kinasema kama kuna kesi ya mwanzo inayoendelea kuhusu jambo lile lile kati ya watu wale wale, ile ya pili isimame. Kifungu cha 7 kinasema kama jambo lilishaamuliwa basi limeisha, huwezi kulirudisha. Na hapo kwenye kifungu cha 7 kuna maelezo ambayo watu hawayasomi na ndiyo yanayowamaliza: hata jambo ambalo hukulisema kwenye kesi ya kwanza, lakini ulikuwa na nafasi na ulipaswa kulisema, linahesabiwa kwamba lilikuwemo. Pia ombi uliloliomba ambalo hukumu haikulitaja waziwazi linahesabiwa limekataliwa. Halafu kuna Agizo la 3 kanuni ya 4 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 (Maagizo yote nitakayotaja yamo humo), hii ndiyo mama yao: kesi ibebe dai lote linalotokana na chanzo kimoja, ukiacha kipande kwa kusahau au kwa makusudi huwezi kukirudia baadaye. Na kama chanzo kimoja kinakupa haki ya kuomba vitu vitatu, ukiomba viwili bila ruhusa ya korti ya kukiacha cha tatu, hicho cha tatu kimekwenda.

Msidhani ukiiita kesi yako ya kikatiba utakwepa. Mahakama ya Juu mwaka 2021, kwenye kesi ya John Florence Maritime, ilisema kanuni hii ya jambo lililoshaamuliwa inafanya kazi hata kwenye kesi za katiba.

Sasa kabla hujamlipa wakili yeyote, fanya upelelezi wako. Toa CR12 ya kampuni, ile rekodi rasmi ya usajili, kwa eCitizen ujue wakurugenzi ni nani. Angalia Gazeti la Serikali kama kuna tangazo la ombi la kuifilisi, uliza ofisi ya Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi, kule BRS (idara ya usajili wa biashara) ni mfilisi gani amewekwa na lini. Ingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa leseni za madini uone leseni iko kwa jina la nani hasa, kwa sababu mara nyingi kampuni iliyosaini mkataba na wewe si ile yenye leseni, ni dada yake tu, na huenda dada huyo hajafilisika. Hapo ndipo watu wanagawa kesi bila kujua: wanashtaki moja leo, nyingine mwakani, ushahidi ni ule ule. Kama zote mbili zimekukosea kwa tukio moja, ziingie kwenye kesi moja kama washtakiwa wawili. Na mwisho tafuta kwenye Kenya Law, tovuti ya hukumu za korti, na kwenye mfumo wa e-filing wa kufungua kesi mtandaoni kama jina la kampuni hiyo, au jina la kijiji chako, lina kesi tayari. Hili usiliruke.

Kuhusu kijiji. Sheria inaruhusu mtu mmoja ashtaki kwa niaba ya wengi wenye haki moja, Agizo la 1 kanuni ya 8, lakini wahusika lazima wapewe taarifa, ama kila mmoja ama kwa tangazo. Ni njia nzuri, inaokoa pesa. Shida ni kwamba mtu akishtaki kwa nia njema kwa haki mnayoishiriki pamoja, matokeo yake yanaweza kuwafunga nyote, pamoja na wewe uliyebaki nyumbani. Kwa hivyo ukisikia kuna kesi ya jamii, nenda ukaisome. Kama inabeba dai lako, omba kuingia ndani yake. Kama dai lako ni la peke yako, mfano nyumba yako ilipasuka ukuta kwa baruti, wahi kulitenganisha kwa maandishi mapema, si baada ya hukumu.

Tukija kwenye ufilisi wenyewe. Sheria ya Ufilisi ya 2015 kifungu cha 432 inasema amri ya kuifilisi kampuni ikishatolewa, au mfilisi wa muda akishawekwa, huwezi kuanzisha wala kuendeleza kesi dhidi yake bila idhini ya korti. Kama iko chini ya msimamizi, yule anayewekwa kujaribu kuiokoa kampuni, badala ya mfilisi, kifungu cha 560 kinataka kibali cha msimamizi au idhini ya korti. Watu wanaona hii ni ya kuwalinda matajiri lakini kazi yake ni kuzuia mkopeshaji mwenye mbio amalize mali kabla ya wengine kufika. Idhini unaiomba ndani ya ile ile kesi ya ufilisi, na unaambatisha rasimu ya kesi unayotaka kufungua. Jaji atakuuliza mbona usipeleke tu deni lako kwa mfilisi, kwa hivyo uwe na jibu. Kama unachodai ni pesa ya mzigo ulioleta na ankara zipo, kusema kweli huna sababu ya kufungua kesi, jaza fomu ya uthibitisho wa deni umpelekee mfilisi na vielelezo. Akikataa, unampinga mbele ya korti ile ile inayosimamia ufilisi, tena ndani ya muda uliowekwa. Kwenda kufungua kesi mpya Malindi kwa sababu mfilisi wa Nairobi alikukatalia, hapo unajiua mwenyewe.

Wenye ankara kubwa, sikilizeni. Unadai milioni 2.6, unaona Korti ya Madai Madogo inachukua mpaka milioni 1, unaigawa ankara vipande vitatu. Kama ni mkataba mmoja na deni moja, usifanye hivyo. Kanuni inakuruhusu kusamehe kinachozidi ili uingie kwenye korti ndogo, lakini ukishasamehe umesamehe. Na ufilisi ukishaanza, hata kwa milioni 1 bado unahitaji idhini.

Ngoma ngumu ni mwenye shamba. Wewe una mambo mawili mkononi. Unataka ardhi yako irudi, na unataka pesa ya kodi na uharibifu. Korti ya Mazingira na Ardhi imepewa na sheria yake, kifungu cha 13, migogoro ya umiliki, mipaka, kodi, hata madini. Ufilisi uko Mahakama Kuu. Na Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2017 kwamba hizi ni korti za hadhi moja lakini moja haiwezi kuchukua kazi ya mwenzake. Kwa hivyo unajikuta unavutwa huku na huku, na ndipo mtu anafungua mbili. Mahakama ya Rufaa mwaka huo huo wa 2017, kwenye kesi iliyohusu Co-operative Bank, iliangalia kiini cha ugomvi ni nini hasa: kama shida kubwa ni hesabu ya mkopo basi haiwi ya ardhi kwa sababu tu shamba liliwekwa dhamana. Jiulize na wewe hivyo hivyo. Kama shida kubwa ni kwamba kampuni imekalia shamba lako na mkataba umevunjwa, hiyo ni ya Korti ya Ardhi, na kodi ya nyuma na fidia ya mashimo zinaingia humo humo kama maombi ya ziada kwa sababu zinatoka kwenye mkataba ule ule. Unachukua idhini kwa jaji wa ufilisi, halafu unafungua moja yenye kila kitu.

Na pesa je, zisipotee wakati kesi ya ardhi inakokota miaka? Peleka fomu ya uthibitisho kwa mfilisi hata hivyo, kwa sababu fomu hiyo si kesi, ila andika waziwazi kwamba kiasi kinategemea kesi namba fulani. Na kwenye kesi taja kwamba fomu imepelekwa. Ukificha mojawapo, siku itakapojulikana jaji hatakuamini tena kwa lolote.

Kitu kingine, usiombe korti itangaze kwamba dhahabu au titani iliyo chini ya shamba ni yako. Sheria ya Madini ya 2016 kifungu cha 6 inaweka madini kwa Jamhuri, chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na katiba inasema vivyo hivyo. Haki yako iko kwenye ardhi, kwenye fidia, na jamii ina asilimia 10 ya mrabaha (malipo ambayo mchimbaji anailipa serikali kwa madini anayotoa), kaunti 20, serikali kuu 70. Leseni nayo mfilisi hawezi kuiuza kama trekta, kuihamisha kunahitaji idhini ya Waziri. Ukitaka kupinga uhamisho huo anza kwa Waziri, maana kifungu cha 154 kinaweka njia za Waziri, upatanishi na korti, na korti zetu zina msimamo wa zamani kwamba sheria ikiweka njia uifuate kwanza.

Leseni ya kilima cha Mrima kule Kwale ni mfano wa kukumbuka. Ilifutwa 2013, Cortec, kampuni iliyokuwa na leseni hiyo, wakaenda korti za Kenya wakashindwa, kisha wao na wenye hisa wao wakaenda ICSID, mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa kesi za wawekezaji, na huko nako 2018 wakashindwa, kwa sababu leseni yenyewe ilitolewa bila masharti ya sheria kutimizwa, ikiwemo ya mazingira. Kisheria ile ilikuwa milango tofauti na halali, lakini udhaifu wa dai uliwafuata kila mlango.

Ukiandika hati ya madai, Agizo la 4 kanuni ya 1 inakutaka useme kwamba hakuna kesi nyingine inayoendelea na hakukuwa na nyingine zamani kati yenu kuhusu jambo hilo, na unaapa kwa hati ya kiapo. Ni kiapo kile, usisaini ukiwa hujasoma. Kama ipo, itaje kwa namba na ueleze tofauti yake. Ukikumbuka dai baada ya kufungua, usifungue mpya, rekebisha hiyo hiyo, Agizo la 8 linakuruhusu mara moja bila ruhusa kabla majibizano ya hati hayajafungwa.

Na kama tayari una mbili au tatu? Chagua ile iliyo kwenye korti sahihi na yenye idhini. Iliyobaki iondoe kwa notisi kabla haijapangiwa kusikizwa, Agizo la 25 linasema kuondoa hivyo hakukuzuii kudai baadaye, ingawa gharama zinaweza kukuangukia. Ikishapangwa kusikizwa unahitaji makubaliano ya pande zote au ruhusa ya korti. Kama zote ziko korti moja unaweza kuomba ziunganishwe badala ya kuondoa. Lakini kabla hujaondoa chochote hesabu tarehe: dai la mkataba lina miaka 6, la uharibifu kama uchafuzi lina miaka 3. Kwa hivyo kipande kilichokuwa kwenye ile unayoondoa kiingize kwanza kwenye ile inayobaki, upate stempu ya korti, ndipo upeleke notisi.